Kuvusha Lori kwa Kivuko: Ushauri wa Dereva Aliyekaa Foleni Kazungula

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayekaa Pasua hapa Moshi, amepata kazi ya kuendesha lori linalopeleka vitunguu na mahindi upande wa pili wa mpaka, kupitia Holili na Taveta hadi Voi, kisha Mombasa, na kutoka hapo kuvuka bahari kwa kivuko cha Likoni kwenda Ukunda. Alikuja nyumbani jioni moja kunionyesha leseni yake ya daraja E, akanywa chai, akakaa kimya kidogo, halafu akauliza: "Mjomba, hivi kivuko kinatisha?" Nilimjibu kwamba kinachotisha si kivuko. Niliona usoni kwake kwamba jibu hilo halikumtosha, nami sikuwa na nguvu ya kulifafanua lote usiku ule, kwa hiyo nimeona niliandike kwa utulivu, limfae yeye na limfae kijana mwingine yeyote atakayejikuta ameshika usukani wa gari refu, lenye mali ya mtu, akiwa ametazama maji.

Niliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka 23, na kivuko nilichokijua kuliko vyote ni kile cha Kazungula, katika mto Zambezi, baina ya Zambia na Botswana. Tulikuwa tukitoka Moshi au Arusha na mzigo wa Lusaka, tunapita Tunduma na Nakonde, tunashusha, kisha tunateremka na gari tupu hadi Johannesburg kuchukua mabomba ya umwagiliaji, vipuri vya matrekta na, msimu wake ukifika, matufaa. Njia za kwenda kusini zilikuwa mbili. Ya Chirundu ina daraja, lakini inakuingiza Zimbabwe na kukutolea Beitbridge, mpaka ambao foleni yake ilijulikana kwa kila dereva wa njia ile. Ya Kazungula inapita Livingstone na kuikwepa Zimbabwe yote, ila katikati yake palikuwa na mto wenye upana wa mita 400 hivi, na daraja hapakuwa. Wakubwa wa ofisini walichagua njia kwa hesabu ya ushuru na mafuta. Sisi tuliokaa barabarani tungepewa nafasi ya kuchagua, tungechagua kwa hesabu ya siku.

Hesabu hiyo ya siku ni nyepesi, na ukiielewa utakuwa umeelewa nusu ya ninayotaka kusema. Pantoni moja ya Kazungula ilikuwa na uwezo wa kubeba tani 70. Lori refu lililojaa kwa kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa na sheria za nchi zetu hizi, pamoja na mzigo wake, ni tani 56. Likishapanda hilo moja, zinabaki tani 14, yaani nafasi ya magari madogo mawili matatu na watu wao. Kwa hiyo pantoni ilivusha lori moja, ikarudi, ikavusha lori moja, na jua lilipozama kazi ilisimama mpaka asubuhi. Pantoni mbili zikiwa nzima, mambo yalikwenda. Moja ikiharibika injini, foleni iliyokuwa ya siku tatu iligeuka kuwa ya wiki. Muda mfupi kabisa niliowahi kusubiri pale ni siku mbili. Mrefu kabisa ni siku 11. Kuvuka kwenyewe, tangu kamba ifunguliwe hadi tairi liguse mchanga wa ng'ambo, kulichukua kama dakika kumi.

Ndiyo maana nilimwambia kijana kwamba kivuko hakitishi. Nimeona hasara nyingi mahali pale, za mzigo, za gari na za afya ya mtu, na sikumbuki hata moja iliyoanzia majini. Zote zilipikwa nchi kavu, nyingine maili elfu moja nyuma, siku mzigo ulipopakiwa.

Nianze na uzito. Nilifika Kazungula mara ya kwanza mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya ajali ambayo watu wa pale waliisimulia bila kuulizwa: lori la Zambia lililokuwa limezidisha mzigo kupita kiasi lilipindua pantoni, na watu 18 wakafa maji. Mimi sikuwapo, lakini niliwakuta wafanyakazi wa pantoni wakiwa wamebadilika. Kabla ya kukupandisha walikuwa wakizunguka gari lako lote wakitazama matairi na springi, na ukijifanya mkali walikwenda kwa mwingine nyuma yako. Safari yangu ya nne au ya tano waliniweka pembeni. Nilikuwa nimebeba giaboksi na ekseli za matrekta zilizofungwa kwenye kreti, na vijana wa ghala walizipanga kwa kufuata karatasi ya mteja, za mteja huyu mbele, za mteja yule nyuma, bila kujali kwamba kreti nzito zote zimeangukia upande wa kushoto. Mizani zote nilizopita zilinipa ruhusa, kwa sababu jumla yangu ilikuwa chini ya kiwango. Barabarani sikuhisi kitu. Mzee mmoja wa pantoni, mwenye kofia ya sufi wakati wa joto la Oktoba, aliinama, akatazama jinsi matairi ya kushoto yalivyofura ubavuni kuliko ya kulia, akatikisa kichwa. Nilibisha kwa sauti kubwa, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu, maana mzee yule alikuwa sahihi kabisa.

Barabara ni ngumu na inavumilia uzito uliolala upande mmoja. Chombo kinachoelea hakivumilii, kwa sababu kinainama kufuata uzito ulipo, na kikishainama, kila kisichofungwa huteleza kuelekea huko huko na kuongeza kuinama. Watu wa Mombasa wanalijua hili kwa uchungu: tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimejaza abiria kupita uwezo wake, na watu 272 wakapoteza maisha. Kwa hiyo kijana, usiridhike na karatasi ya mizani inayotaja jumla. Omba uzito wa kila ekseli, uusome, na siku ya kupakia usiende kulala kwenye kibanda cha chai na kumwachia utingo. Simama nyuma ya trela, umbali wa hatua kumi, tazama kama mwili wake uko sawa na kama matairi ya pande zote mbili yamefura kwa kiasi kimoja. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Mimi iliniponyoka, nikalipa siku nzima na nusu ya kutafuta winchi ya kukodi, kumwomba ofisa wa forodha aje kushuhudia turubai likifunguliwa na lakiri ikikatwa, kuhamisha kreti moja moja, na kurudi mkiani mwa foleni. Gharama ya winchi nilikatwa mimi.

Kupanda kwenyewe kuna kanuni zake. Gia ya chini ichaguliwe ukiwa bado kwenye ardhi, na isibadilishwe mpaka umesimama mahali pako. Ingia kwa mwendo wa mtu anayetembea na kuusikiliza mlango wa chuma ukilia chini yako. Jambo ambalo madereva wengi wageni hawalifahamu ni kwamba kivuko hakikufungwa kama ukuta. Kinakaa kwenye ukingo kwa sababu injini zake zinakisukuma pale, au kamba zinakishika. Ukipiga breki kwa ghafla ukiwa umeshaingia nusu, nguvu yote ya gari inakisukuma kivuko mbele, kiachane na ukingo, huku matairi ya trela yakiwa bado hayajaingia. Wakati wa kutoka mambo yanageuka: ukikanyaga mafuta kwa pupa, matairi yanayovuta yanakisukuma kivuko nyuma, na pengo linafunguka chini ya kichwa cha lori. Nimeona lori la mwenzetu mmoja likikaa juu ya pengo la namna hiyo, matairi ya mbele yamezama mchangani mpaka bampa, kwa saa nne nzima, na pantoni nzima imefungwa kwa ajili yake. Mto haukuwa na kosa. Alikuwa na haraka, kwa sababu amesubiri siku sita na alidhani sasa anaweza kuzifidia kwa mguu wa kulia.

Tazama pia tumbo la gari. Mahali mlango wa kivuko unapokutana na ardhi hujikunja kama kiwiko, na trela refu likipita juu ya kiwiko hicho hukwangua kwa sehemu iliyo chini kuliko nyingine: miguu ya trela, kikapu cha tairi la akiba, au tangi la dizeli. Zambezi hujaa kuanzia Machi hadi Mei na kupungua sana Oktoba na Novemba, na kila maji yalipopungua kiwiko kilikuwa kikali zaidi, kwa hiyo gari lililopita salama mwezi wa nne lilikwama mwezi wa kumi. Likoni mabadiliko hayo hayangoji miezi. Bahari ya Mombasa hupwa na kujaa kila siku, na siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu huzidi kimo cha mtu. Mpwa wangu amekulia chini ya mlima, habari za bamvua amezisikia redioni tu. Namshauri awaulize wavuvi au wauza madafu wa pale saa ya maji kabla ya kujipanga, na ikiwa gari lake ni refu na liko chini, asubiri maji yajae. Kusubiri saa mbili ukila mihogo ni rahisi kuliko kuchomelea mguu wa trela.

Ukishasimama juu ya kivuko, zima injini, vuta hendibreki, weka gia, na utingo atie vigogo mbele na nyuma ya matairi, kisha watu wote washuke. Nasema wote. Utingo wangu mmoja alizoea kulala kitandani nyuma ya kiti wakati wa kuvuka, akidai ndiyo dakika pekee ambayo hakuna anayemwita, nami nilimshusha kwa ukali kila mara mpaka akaniona mzee mwenye wasiwasi. Lori likiteleza, mlango wake haufunguki tena ukiwa ndani ya maji. Acheni madirisha wazi, simameni pembeni mnapoweza kuona gari, na msiegemee kati ya lori na ukingo wa kivuko. Likoni kuna jambo la ziada ambalo Kazungula halikuwapo kwa kiasi hicho, nalo ni watu: wanapanda kwa maelfu, wamebeba mizigo, watoto na baiskeli, na wanapita karibu kabisa na matairi yako. Subiri uambiwe, songa kwa kuangalia vioo vyote viwili, na usipige honi kwa hasira.

Sasa nije kwenye upepo, jambo dogo lililoniaibisha kuliko yote. Breki za malori haya hufanya kazi kwa upepo, na zimeundwa kwa namna ambayo upepo ukiisha kwenye matangi, springi hujifunga zenyewe na matairi hayazunguki. Ni usalama mzuri. Lakini maana yake ni kwamba gari lenye uvujaji, ambao barabarani huuoni kwa kuwa injini inajaza kadiri upepo unavyotoka, likizimwa kivukoni kwa nusu saa linajifunga. Mwaka 2006 pantoni iligusa ukingo wa Botswana, magari madogo yakatoka, mimi nikawasha, nikatazama geji, mshale umelala chini kabisa. Ilibidi injini ingurume karibu robo saa ndipo breki ziachie. Kwa mtu aliye barabarani robo saa si kitu. Kwa madereva waliokuwa wamesubiri siku tano ukingoni, wakiiona pantoni imesimama na lori la Tanzania linatoa moshi bila kutembea, robo saa ile ilikuwa tusi, na wao walinirudishia kwa lugha nne au tano.

Foleni yenyewe ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Tulipanga malori kando ya barabara, na waliotangulia walikuwa na daftari: unafika, unaandikwa namba, na kila asubuhi namba zinaitwa. Palikuwapo vijana waliouza nafasi za mbele. Mara moja nilishawishika, nikalipa, na yule niliyemlipa sikumwona tena. Mara nyingine niliona mwenzangu akifanikiwa kupenyezwa, kisha madereva 20 wakalala mbele ya gari lake mpaka akarudi nyuma. Fuata daftari.

Usiku hatari ilikuwa wezi wa mzigo na wa mafuta. Tulichofanya ni kurudisha matrela kinyumenyume mpaka milango ya nyuma ya malori mawili ikagusana, hata mtu mwembamba asipate nafasi ya kuifungua. Kwa trela la turubai, utingo alilala juu ya mzigo, si kwenye kibanda, na kamba zilifungwa fundo ambalo tulilijua sisi wawili tu. Dizeli ilinyonywa kwa mpira kutoka kwenye tangi wakati dereva anakoroma hatua mbili kutoka hapo. Kofia ya tangi yenye kufuli ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na lita 200. Tuliokuwa Watanzania tulikaa pamoja, Wachaga, Wanyakyusa, Waarabu wa Tanga, na kila kundi la malori manne lilikuwa na zamu ya kukesha. Wakati wa zamu zile nilijifunza habari za injini kuliko darasani.

Chakula beba cha siku kumi hata ukiambiwa foleni ni ya siku mbili. Unga, maharage, dagaa, chumvi, mafuta, vitunguu, jiko dogo la mafuta ya taa, na madumu mawili ya maji ya lita 20. Kula kwa mama wa kibandani ni raha, lakini bei hupanda kadiri foleni inavyorefuka, nao wanayo haki, kwani hata wao wanabeba vitu kutoka mbali. Chandarua kiwe ndani ya gari daima. Bonde la Zambezi lina malaria, nami niliugua mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu baada ya utingo kwenda Livingstone kutafuta kipuri. Na kwa kuwa najua akina mama wanaosoma hapa wana waume na wana barabarani, nitasema bila kuzungusha: mpaka wenye malori 100 yaliyosimama wiki nzima una wapenzi wa kutosha kila mmoja, na wenzangu kadhaa wa rika langu, watu wa Majengo na Kiboroloni, walirudi na ugonjwa ambao uliwaua wao na wake zao kabla dawa hazijapatikana kwa wingi. Siku hizi mipakani kuna zahanati zinazopokea madereva hata jioni. Ingia, upime, chukua unachopewa, uondoke ukiwa unajijua.

Hasara kubwa kuliko zote niliyoipata ilikuwa ya matufaa. Ilikuwa Desemba, tunapeleka trela la friji kwa ajili ya sikukuu, Martin's Drift, mpaka wa Afrika Kusini na Botswana, tumepita vizuri, Palapye, Francistown, Nata, tumefika Kazungula upande wa Botswana tukiwa na furaha. Pantoni moja ilikuwa imesimama. Ofisi iliyonituma ilikuwa imenipa dizeli ya mashine ya baridi kwa siku mbili za kusubiri, kwa sababu kwenye karatasi zao kivuko kilikuwa cha siku mbili. Matufaa yanataka baridi karibu na nyuzi sifuri. Nje palikuwa na joto la kuyeyusha lami. Siku ya tatu nilianza kunyonya dizeli kutoka tangi la lori kuilisha friji. Siku ya tano nilikodi gari dogo kwenda Kasane kununua zaidi kwa fedha yangu. Siku ya saba nilikuwa nimeuza saa ya mkononi na redio, na simu za ofisini zilikuwa zinajibiwa kwa neno moja, subiri. Tulivuka siku ya tisa. Theluthi ya mzigo ilifika imelainika, na barua niliyoipokea ilisema uzembe wa dereva. Risiti za Kasane nilikuwa nimezitupa kwa hasira.

Ningekuwa nimeziweka, ningedai. Kwa hiyo, kijana, kabla ya kuondoka uwe na karatasi yenye sahihi inayosema nani analipa nini gari likisimama kivukoni: mafuta, chakula, ulinzi, na posho ya kila siku ya kusubiri. Watakuambia hakuna kampuni inayofanya hivyo. Omba hata kwa ujumbe wa simu, utunze ujumbe huo. Kila unaposimama zaidi ya siku moja, tuma picha ya foleni na ya geji ya friji, asubuhi na jioni, hata kama hawajibu. Na usibebe mzigo unaooza kupitia kivuko bila kumpigia simu dereva aliye pale siku hiyo hiyo. Habari ya wiki iliyopita haisaidii kitu.

Kuhusu makaratasi nitasema machache, maana mengi yamebadilika. Zilikuwapo kadi mbili za njano, moja ya bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nyingine kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano cha mtu, na nilikuwa na utingo mmoja mgeni aliyemkabidhi ofisa wa afya bima ya gari, akasisitiza kwa adabu zote kwamba amechanjwa. Bima ile ilitambuliwa Zambia; Botswana ulilipia upya pale mpakani. Kila nchi iliyo ng'ambo ya maji ina sheria zake za vyakula pia. Botswana inalinda ng'ombe wake dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo tulikanyaga dawa kwa viatu, matairi yakapita kwenye dawa, na nyama yoyote uliyobeba ilibaki hapo. Fedha ubadilishe kidogo kidogo, mchana, kwa mtu unayemjua. Zambia ilipoondoa sufuri tatu kwenye kwacha yake Januari 2013, nilishuhudia madereva wakipewa noti za zamani usiku kwa bei ya mpya.

Tena usifanye kosa la kuvuka jioni kisha kukimbia usiku kufidia. Kutoka Kazungula hadi Nata ni kama kilomita 300 za barabara iliyonyooka, yenye usingizi, na tembo huivuka wakati wowote. Usitegemee macho ya tembo yang'ae kwa taa kama ya mbuzi. Unachoona ni giza lililo jeusi zaidi kuliko giza jingine, na mara nyingi umechelewa. Tulivuka, tukaegesha, tukalala, tukaondoka alfajiri.

Leo Kazungula kuna daraja. Lilifunguliwa tarehe 10 Mei 2021, lina urefu wa mita 923, na limejengwa kwa kupinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe, hata mgeni hujiuliza kwa nini wahandisi hawakunyoosha. Nililipita mara moja tu, mwaka 2022, safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Utingo wangu alikuwa kijana wa miaka 21 na aliniuliza mbona nimepunguza mwendo. Nilikuwa natafuta kwa jicho mahali mzee wa kofia ya sufi alipokuwa akisimama, lakini kutoka juu ukingo wote ulikuwa majani tu.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja na lori lenyewe, halijapakiwa bado, tukaliegesha karibu na Njia Panda ya Himo. Tulijaza upepo mpaka mwisho, tukazima injini, tukakaa kivulini tukitazama geji. Ndani ya dakika 20 mshale ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Tuliandaa maji ya sabuni kwenye chupa, tukapaka kila kiungio kuanzia kwenye kichwa kwenda nyuma, na mapovu yakajitokeza kwenye mpira wa upepo unaounganisha kichwa na trela, mahali ulipokuwa ukisuguana na fremu kwa muda mrefu. Alimpigia bosi wake simu mbele yangu. Bosi alisema gari hilo limekuwa likienda Mombasa hivyo hivyo mwaka mzima. Kijana alijibu kwa upole kwamba analijua hilo, shikamoo nyingi katikati, lakini hataondoka kabla mpira haujabadilishwa. Wamekubaliana Alhamisi, na maji ya Likoni siku hiyo, nimemwambia aulize mwenyewe.